Panya, Koili na Mlio wa Ta!

Haya, wajukuu zangu, sogeeni. Mtu amekaa kitini, katulia, hana nia ya kusogeza hata ukucha. Mtaalamu anamwekea koili ya waya kichwani, upande wa kushoto. Anabonyeza swichi. Ta! Kidole cha mkono wa kulia kinaruka chenyewe.

Si uchawi, wala hakuna sindano iliyopenya. Anthony Barker na wenzake walilionyesha jambo hilo mwaka 1985 mjini Sheffield, Uingereza. Lakini siri yenyewe ni ya tangu 1831, Michael Faraday alipogundua kwamba sumaku huzaa umeme katika waya ulio karibu nayo, kwa sharti moja: nguvu yake ibadilike. Sumaku iliyotulia haizai kitu, kwa hiyo bangili za sumaku zinazouzwa barabarani haziamshi ubongo wa mtu, hata muuzaji aape. Ndani ya koili, umeme wa maelfu ya ampea hupita na kutoweka kwa muda usiofika hata sekunde moja. Nguvu ya sumaku hupanda na kushuka ghafla, hupenya fuvu bila kizuizi, na huko ndani huzaa umeme mdogo. Seli za neva, ambazo hupitisha habari kwa umeme, huitika.

“Babu, sasa panya anaingiaje hapo?”

Anaingia kwa sababu fuvu la mtu halifunguliwi hivi hivi ili watu wachungulie. Marekani iliruhusu mtambo wa aina hii utibu sonona mwaka 2008, ila kuona mgonjwa amepata nafuu si kuona seli zake zimefanya nini. Kwa mnyama, nyaya nyembamba huingizwa ubongoni zisikilize seli zenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifanya hivyo kwa paka: walipima shughuli za neva pamoja na oksijeni na damu, wakakuta vinakwenda pamoja, na mabadiliko yakaendelea hata koili iliponyamaza.

Kwa panya kuna kasheshe. Ubongo wake una gramu 2 hivi. Wa mtu hukaribia 1,400. Koili ya binadamu humfunika panya kichwa kizima, sawa na kubonyeza kitufe kimoja cha simu kwa kiganja. Mtasema itengenezwe koili ndogo. Imetengenezwa! Lakini waya mdogo ukipitishiwa umeme mkubwa huchemka upesi, na ukipunguziwa umeme, nguvu ya sumaku hupungua. Na hata koili ikiwa nzuri, kichwa kidogo hakizai umeme mwingi ndani yake.

Kuna na ule mlio wa koili, “Ta!” Panya akishtuka, je, ni ubongo ulioguswa au ni masikio tu? Hasemi. Ndiyo maana panya wengine huwekewa koili ya bandia, inayolia vilevile bila kuugusa ubongo, kisha makundi mawili yanalinganishwa. Mimi utafiti uliokosa kundi la koili ya bandia siuamini.

Basi si apewe dawa ya usingizi atulie? Dawa hiyo nayo huzituliza seli zile zile zinazochunguzwa. Kwa hiyo maabara nyingine humzoeza panya kushikwa akiwa macho, siku baada ya siku, kabla koili haijawashwa.