Tiger 131: Kifaru Kilichotekwa Vitani na Kukarabatiwa Hadi Kutembea Tena

Silaha ya adui inapotekwa ikiwa bado nzima, humpa aliyeiteka maarifa ambayo asingeyapata kwa njia nyingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kifaru cha Ujerumani aina ya Tiger, chenye namba 131, kilichotekwa na majeshi ya Uingereza nchini Tunisia mwezi Aprili, 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Kifaru hicho kina uzito wa takribani tani 57, mzinga wa milimita 88 na bamba la mbele la chuma lenye unene wa milimita 100. Mizinga mingi ya Washirika haikuweza kulitoboa bamba hilo, na askari waliokabiliana nalo walilipa kwa maisha yao. Hata hivyo, kombora lililopiga upande wa chini wa mzinga wake liliikwamisha sehemu ya juu inayozunguka, hivyo mzinga haukuweza tena kugeuzwa kufuata shabaha. Askari wa Ujerumani walikikimbia bila kukiharibu.

Baada ya kukarabatiwa kwa vipuri vya vifaru vingine vilivyoharibika, kilikaguliwa jijini Tunis mwezi Juni na Mfalme George VI pamoja na Waziri Mkuu Winston Churchill. Mwezi Oktoba kilisafirishwa kwenda Uingereza, ambako wataalamu walikichunguza kwa kina ili kubaini uimara na udhaifu wake. Mwaka 1951 kilikabidhiwa kwa Makumbusho ya Vifaru yaliyopo Bovington.

Mwaka 1990 kiliondolewa kwenye maonesho ili kikarabatiwe upya. Kwa kuwa vipuri vyake ni adimu, kilifungwa injini iliyotolewa katika kifaru cha aina ya Tiger II. Kilirejea makumbusho mwezi Desemba, 2003 kikiwa na uwezo wa kutembea, na kazi nyingine ziliendelea hadi mwaka 2012.

Leo ndicho kifaru pekee cha Tiger I duniani kinachotembea kwa injini. Kwa kuwa kila mwendo huchakaza mitambo yake, huendeshwa siku chache tu kwa mwaka, ili vizazi vijavyo navyo vione kwa macho yao silaha ambayo askari wa wakati ule walilazimika kuikabili.