TAARIFA KWA WANAOFUGA SAMAKI WA BAHARI MAJUMBANI

Wananchi wanaofuga samaki wa bahari katika matangi ya kioo wanakumbushwa kwamba maji maangavu si lazima yawe maji salama.

Mfugaji wa kisiwani huweza kuteka maji safi ya bahari. Aliyeko Mazinde, chini ya Milima ya Usambara, hana budi kuyatengeneza kwa chumvi maalumu ya matangi, kiasi cha gramu 35 kwa kila lita. Chumvi ya kupikia haifai, kwani haina madini mengine ya bahari kama kalsiamu na magnesiamu.

Penye joto maji hupungua upesi, lakini chumvi haiondoki na mvuke. Kwa hiyo, kilichopungua kwa mvuke kijazwe kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini. Ajazaye kwa maji ya chumvi huzidisha chumvi siku hata siku, mpaka samaki wafe.

Hatari ya pili ni amonia, itokanayo na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti, yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hao huhitaji wiki kadhaa kuenea; hivyo tangi jipya lisitiwe samaki wengi kwa pamoja.

Maji yabadilishwe kidogo kidogo, kamwe yasimwagwe yote. Mapya yalingane na ya zamani kwa chumvi na joto.

Wahusika wote wanaombwa kuzingatia maelezo haya.