Nishati Huru, Nishati ya Bure na Vitu Vinavyoangama

Miongoni mwa istilahi zinazomtatiza mfasiri wa maandishi ya kisayansi zimo zile zitumiwazo na makundi mawili yasiyokubaliana: wanasayansi kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili wale wanaodai kuwa wamegundua yaliyowashinda wanasayansi. Makala haya yanachambua mifano miwili: dai la mashine itoayo nishati pasipo kupewa chochote, na dai la kuviweka vitu vizito hewani kwa kuiondoa kani ya uvutano.

Suala hili si la maneno matupu. Ombi la fedha liandikwapo kwa lugha ya kigeni, mwenye kuamua huenda asisome ila tafsiri yake. Na mwanafunzi hukutana na sayansi kupitia maneno aliyochaguliwa na wengine. Neno likikosewa, dai lisilo na msingi huvikwa joho la elimu.

Nishati tatu, jina moja

Katika Kiingereza istilahi moja yenye maneno mawili hubeba maana tatu. Ya kwanza ni ya kemia. Mwaka 1882 Hermann von Helmholtz aliitenga sehemu ya nishati ya mfumo iwezayo kugeuzwa kuwa kazi, halijoto ikiwa haibadiliki, na sehemu isiyoweza kugeuzwa. Ya kwanza aliiita huru, ya pili aliiita fungwa. Hapa tafsiri ya "nishati huru" ni sahihi kabisa, kwani uhuru unaotajwa ni ule wa kutofungwa, wala hauhusu bei.

Maana ya pili ni ya kawaida: jua na upepo havidai malipo. Lakini vina chanzo kijulikanacho, na vyombo vya kuvinasa hununuliwa. Tunapendekeza "nishati isiyolipiwa".

Maana ya tatu ni ya wadai: mashine itoayo zaidi ya inachopokea. Dai hili linapingana na kanuni ya hifadhi ya nishati, iliyothibitika kuanzia miaka ya 1840 kwa kazi za Mayer, Joule na Helmholtz. Kanuni hiyo husema kwamba nishati hubadili sura tu. Haiumbwi wala haiangamizwi. "Nishati ya bure" huichanganya maana hii na ile ya pili, na "nishati huru" huikopesha heshima ya ile ya kwanza. Istilahi iliyo wazi ni "nishati isiyo na chanzo", kwa kuwa inalitaja dai lenyewe bila kulipamba wala kulikejeli.

Vivyo hivyo "mashine ya mwendo wa daima" ni jina lenye kasoro. Mwendo kuendelea kwa muda mrefu mno si muujiza. Sayari hulizunguka jua bila injini. Lisilowezekana ni mashine kuendelea kutoa kazi pasipo kupokea nishati. Chuo cha Sayansi cha Paris kiliamua mwaka 1775 kutozichunguza tena mashine za namna hii.

Kasi si kiasi

Utata mwingine hutokana na kuyachanganya maneno nguvu, kani, nishati na kawi. Kawi, kwa wasomaji wa Kenya, ni kile ambacho Tanzania huitwa nishati, kama majina ya wizara za nchi hizo yanavyoonyesha. Mfasiri ateue moja na kulishikilia hadi mwisho. Hatari kubwa zaidi ni kuzipa jina moja wati, ambazo hupima kasi ya utoaji wa nishati, na jouli, ambazo hupima kiasi chake.

Tuchukue mfano. Kifaa kinavuta wati 100 kwa sekunde 10, kisha kinatoa mwako wa wati 1,000 kwa sekunde 1. Zimeingia jouli 1,000 na haziwezi kutoka zaidi ya jouli 1,000. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Lakini atakayeandika kwamba "nishati imeongezeka kutoka 100 hadi 1,000" atakuwa ametangaza ugunduzi usiokuwapo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na nishati nayo huhitaji daftari la vilivyoingia na vilivyotoka.

Neno angama

Kwa vitu vikaavyo hewani wengi huandika "kuelea". Lakini kitu huelea ndani ya maji au hewa kwa sababu ya msukumo wa maji au hewa hiyo. Ndivyo lielewavyo jahazi, ndivyo lielewavyo baluni. Kuruka na kupaa ni miendo. Lugha yetu inalo tayari neno la kufaa: angama, yaani kukaa juu bila kugusa chini, au kushikwa wakati wa kuanguka kama mti unaonaswa na matawi ya mwenziwe. Kiambishi -ama, kama katika kwama na tuama, huonyesha hali ya kutulia. Tahadhari moja inahitajika: lisiundwe umbo la "angamisha", kwa jinsi linavyokaribiana na angamiza. Tuseme "kukifanya kitu kiangame".

Faida ya neno hili ni kwamba linaibua swali: kimeshikwa na nini? Samuel Earnshaw alionyesha mwaka 1842 kwamba sumaku za kudumu, zikiwa zimetulia, haziwezi peke yake kukiangamia kitu kingine cha sumaku kwa uthabiti. Kuangama halisi kuna njia nyingine, na zote zinajulikana. Metali zilizopozwa mno, hata zikapitisha umeme bila ukinzani, huisukumia nje sumaku. Jambo hili liligunduliwa na Meissner na Ochsenfeld mwaka 1933. Mwaka 1997 huko Nijmegen, Uholanzi, chura hai aliangama ndani ya sumaku yenye ukubwa wa tesla 16 hivi. Katika mifano yote miwili uvutano upo palepale. Kani ya sumaku ndiyo inayoukabili.

Dai la Tampere, Ufini, la mwaka 1992, lilikuwa tofauti: kwamba juu ya kisahani cha namna hiyo kinachozunguka, uzito wenyewe hupungua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2003, kwa vyombo vyenye usahihi mkubwa zaidi, halikuliona jambo hilo.

Funzo la Keely

John Keely wa Philadelphia, Marekani, alikusanya fedha za wanahisa kuanzia miaka ya 1870 kwa ajili ya injini aliyoipa jina refu lililounganisha maji, hewa, mapigo na ombwe. Alikuwa mwingi wa istilahi, mchache wa vipimo. Alifariki mwaka 1898. Nyumba yake ya kazi ilipochunguzwa, chini ya sakafu palikutwa tufe kubwa la chuma lifaalo kuhifadhi hewa iliyoshindiliwa.

Je, mfasiri awe hakimu? Hasha. Mwandishi akisema "mashine inazalisha", mfasiri hana ruhusa ya kumwandikia "inadaiwa kuzalisha". Amana yake ni kuliacha dai kama lilivyo, kila kipimo kwa jina lake, na shaka yake aiweke katika tanbihi yenye sahihi yake. Mahali ambapo matini asilia ina neno lisilo na maana inayopimika, asilitafutie istilahi sanifu ya fizikia iliyo jirani nalo; alieleze kwa maneno ya kawaida ili utupu wake uonekane. Akifanya hivyo, afisa na mwalimu watakuwa na cha kuuliza: nishati imetoka wapi, imepimwa kwa jouli ngapi, na kile kinachoangama kimeshikwa na nini?