Msomaji Haletwi na Tangazo: Funzo la Boksi Lililokuwa Chini ya Kitanda

Katika mijadala yetu ya fasihi kuna sentensi moja ambayo imesemwa mpaka imechakaa: Watanzania hawasomi. Mhadhiri huisema darasani, mwanafunzi huirudia kantini, na sisi wahakiki chipukizi huitumia kufungia makala kana kwamba ni matokeo ya utafiti. Mimi mwenyewe nimewahi kuiandika. Leo nataka kuifuta, na sababu ya kuifuta ni boksi la vitabu lililokaa chini ya kitanda changu hapa Iringa kwa miezi minne.

Mwaka 2018 tulikuwa wanafunzi sita wenye kiu ya utunzi. Tulichangishana, tukachapisha nakala 200 za mkusanyiko wa hadithi zetu fupi. Pesa ya kutangaza redioni au gazetini hatukuwa nayo, kwa hiyo tulibandika karatasi kwenye mbao za matangazo tukakaa kusubiri. Hadi muhula unakwisha tulikuwa tumeuza nakala 31, nyingi kwa marafiki walioona haya kukataa. Deni la mchapaji lilikuwa palepale. Jambo lililotunyima usingizi zaidi ni kwamba mwenzetu mmoja alikuwa amechangia kwa pesa yake ya ada, na siku za usajili zilikuwa zinahesabika.

Likizo ilipofika nilibeba nakala 40 nikapanda basi kwenda nyumbani Mbeya. Mwanjelwa kuna mzee mmoja aliyekuwa akiuza magazeti na vitabu vilivyotumika, amevipanga juu ya turubai. Nikamwamkia, nikamwonyesha kazi yetu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho, akanirudishia.

"Mwanangu, Kiswahili chenu kizuri," alisema. "Lakini mteja akishakisoma hiki, atarudi kwangu kutafuta nini?"

"Mzee, si atakuwa ameridhika?"

"Ameridhika, ndiyo. Na amenyamaza. Mimi nataka atoke hapa akamsumbue jirani yake." Akainua kitabu kisicho na jalada, kurasa zimejikunja kama majani ya chai. "Hiki cha Willy Gamba nimekiuza mara nne. Anayekimaliza ananirudishia kwa nusu bei, halafu anamleta mwenzake. Hakuna aliyenilipa kukitangaza."

Nilikaa na maneno hayo njia nzima ya kurudi. Chimala, Makambako, Mafinga, mpaka tunateremka Ipogolo, nilikuwa najiuliza: hivi sisi tunaojiita wahakiki tumewahi kuchunguza njia ambayo maandishi hupitia mpaka yakamfikia msomaji? Tumezoea kuchambua fani na maudhui, kana kwamba kitabu huota mikononi mwa watu kama uyoga.

Njia hiyo ina historia

Tukirudi nyuma tutaona kwamba fasihi ya Kiswahili ilipata hadhira yake zamani bila tangazo la kulipia. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, hakuwa na mchapaji. Mashairi yake yalikuwa na mpinzani ndani yake: yalimchokoza mtu wa Lamu, na mtu wa Lamu alilazimika kujibu. Aliyesikia shairi la kwanza alitaka kusikia jibu, na ili alielewe jibu ilimbidi alikumbuke lile la kwanza. Yalidumu vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor walipokuja kuyakusanya miongo mingi baadaye.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilitumia siri hiyohiyo kwenye karatasi. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na makusudi yake tunayajua. Hata hivyo, ndani yake kulikuwa na barua za wasomaji na mashairi ya kujibizana. Mtu aliyeona shairi lake limechapwa, au jina la kwao limetajwa, hakusoma peke yake. Aliliita baraza zima lije lione. Kila mwandishi wa barua aligeuka mpiga debe wa gazeti bila kulipwa hata senti.

Baada ya uhuru wakaja waandishi wa riwaya pendwa. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, na Willy Gamba wake akarudi katika vitabu vilivyofuata. Ben Mtobwa alimpa Joram Kiango riwaya baada ya riwaya, na akafika hatua ya kuwa mchapishaji mwenyewe kwa jina la Heko. Angalieni jambo moja hapa: mhusika anayerudi ni tangazo la bure. Aliyempenda Joram katika kitabu kimoja hahitaji kuambiwa habari za kitabu cha pili, maana anakiulizia mwenyewe. Baadaye Eric Shigongo akalipeleka jambo hilo kwenye magazeti ya kila wiki, ambako neno dogo la mwisho, "itaendelea", lilifanya kazi ambayo bango kubwa lisingeweza.

Na mtandao ulipoingia, mambo hayakubadilika sana. Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005, na hapa kwetu Iringa tulikuwa na Maggid Mjengwa na blogu yake. Mtu aliye mbali na nyumbani alifungua asubuhi kwa sababu jana alikuta kitu, na kwa sababu katika picha ya leo huenda akauona mtaa wake. Kwa maneno mengine, ni Mambo Leo lililopata umeme.

Tulivyojaribu sisi

Basi tulikata shauri. Tulichukua hadithi moja ndefu kutoka kwenye mkusanyiko, tukaikata vipande vitano, kila kipande karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati, fotokopi pande zote mbili. Kila Jumamosi kipande kimoja kilitoka, bure. Chini tuliandika kwamba hadithi nyingine zimo kitabuni na kitabu kinapatikana wapi.

Swali la kwanza lilikuwa: tuviweke wapi? Mbao za matangazo tulishazikinai, kwani mtu akiwa mbele ya ubao anapita njia. Tulitafuta mahali ambapo mtu amekaa na hana la kufanya: kwa kinyozi, kwa msusi, kwa mama ntilie kabla wali haujaiva, kwenye basi ambalo halijajaa. Nakala tano kwa kinyozi mmoja zilisomwa na watu wengi kuliko nakala 50 tulizogawa getini, kwa sababu zilikaa palepale na kila aliyekuja alizikuta.

La pili lilikuwa mwanzo wa hadithi. Tulikuwa tumeanza kwa jua kuchomoza juu ya milima, kama tulivyofundishana. Kinyozi akatuambia wateja wake wanasoma mistari miwili kisha wanarudi kwenye simu. Tulipoangalia vizuri tukaona kisa chenyewe kinaanzia aya ya nne, pale mama anapokuta gunia lake limefunguliwa. Tukaanzia hapo, na jua tukaliacha lichomoze lenyewe.

La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, lilitokana na kosa letu. Hadithi ilihusu wauza viazi wa Uyole. Mtunzi, ambaye hakukulia Mbeya, aliandika kwamba mwanamke yule alimuuzia mfanyabiashara wa Dar es Salaam viazi kwa debe. Dada yangu alipeleka nakala kadhaa Uyole, na mama mmoja muuza viazi akacheka mpaka akakaa chini. "Nani kawaambia? Hao wa magari makubwa wanachukua lumbesa. Tena lumbesa ndiyo inayotuumiza, mbona hamkuiandika?" Kwa wasioifahamu, lumbesa ni lile gunia linalojazwa likafungwa kichwa juu ya kichwa, mkulima akalipwa kama gunia moja tu.

Tungeweza kunyamaza. Badala yake, kipande cha tatu kilianza na maneno ya mama yule, bila jina lake, kama alivyoyasema, na mtunzi akageuza kisa: ugomvi wa hadithi ukawa ugomvi wa lumbesa. Jumamosi hiyo nakala 30 za Uyole hazikumaliza asubuhi. Watu walitaka kuona kama kweli tumeandika, na wengine walikuja na masahihisho yao. Hapo nikawaelewa Muyaka na Mambo Leo kuliko nilivyowaelewa darasani.

La nne tulijifunza kwa aibu. Kipande cha tano kilichelewa wiki tatu kwa sababu ya mitihani. Tulipokileta, kinyozi wa Ipogolo alikiweka chini ya kioo bila kukiangalia. "Jamani, watu waliuliza wiki ya kwanza, wakauliza ya pili. Ya tatu hawakuuliza." Neno "itaendelea" ni ahadi, na msomaji aliyeahidiwa ana haki kama mdai mwingine yeyote. Ni heri kuahidi kila mwezi ukatimiza kuliko kuahidi kila wiki ukapotea.

Pingamizi na jibu

Najua wapo wenzangu watakaosema: huyu anataka tuache fasihi ya dhati tukaandike vipande vya kusisimua. Pingamizi hilo lina uzito. Taharuki inaweza kuwa ulaghai. Zipo hadithi nyingi za magazeti ambazo mtu anaachwa na bastola kichwani wiki hii, na wiki ijayo tunaambiwa ilikuwa ndoto. Msomaji hudanganywa hivyo mara moja au mbili, ya tatu anaondoka, tena anaondoka na chuki. Kichwa cha habari kinachoahidi nyama na ndani kukawa na mchuzi mtupu nacho ni deni lisilolipwa.

Lakini angalieni kilichotokea Uyole. Hadithi yetu haikushuka hadhi ilipopata wasomaji; ilipanda. Kabla ya mama yule ilikuwa hadithi ya gunia lililoibiwa. Baada yake ikawa hadithi ya mizani na ya nani anafaidi jasho la mkulima. Maudhui yaliyotusumbua muhula mzima tuliletewa na msomaji, bure. Tukumbuke pia kwamba Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa wakati fulani, na leo ni miongoni mwa riwaya zinazojadiliwa sana. Haikuhitaji bango, kwa kuwa iligusa jambo ambalo watu walikuwa wakilizungumza kwa kunong'ona.

Kwa hiyo naona kwamba tangazo humleta mtu mlangoni mara moja tu. Kinachomrudisha, na kumfanya amlete jirani, ni kitu alichopewa cha kubeba mkononi: swali ambalo halijajibiwa, jina la kwao, kosa analoweza kulisahihisha, au hasira ambayo hakuwa na maneno ya kuisema. Mtunzi asiyempa msomaji mzigo wa kubeba asishangae akibaki na boksi.

Na boksi letu je? Mpaka mwaka unaisha lilibaki na nakala 22. Deni la mchapaji tulilimaliza. Mwenzetu tulimrudishia nusu ya ada kabla ya usajili kufungwa, na nusu nyingine alikopa kwa shemeji yake, naye tulimlipa baadaye kwa mafungu. Kwa hiyo sisemi kwamba njia hii inatajirisha. Inachosha miguu, na fotokopi nazo si bure.

Ila nilichorudi nacho chuoni ni jambo la uhakiki. Pamoja na kuuliza kazi hii inasema nini na inasemaje, naomba tuongeze swali la tatu: nani atamwambia mwenzake habari zake, na kwa nini? Atakayenijibu kwamba Watanzania hawasomi, nitampeleka Uyole siku ya Jumamosi. Kule bado wananidai hadithi ya pili ya lumbesa.