Kuhamisha Samaki Hai: Kibali Kitangulie

Kuhamisha samaki hai kutoka ziwa au mto mmoja hadi mwingine ni tendo lisiloweza kutenguliwa, kwa kuwa samaki akishazaliana katika maji mapana hakuna wavu utakaomwondoa. Ziwa Victoria ni ushahidi wa jambo hilo. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliingizwa humo sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine na ambaye hakuwa wa asili ya ziwa hilo, ili ageuze furu, samaki wadogo waliodhaniwa kuwa hawana thamani, kuwa kitoweo kikubwa chenye soko. Sangara alileta viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni, lakini kufikia miaka ya 1980 furu, waliokuwa na spishi zinazokadiriwa kufikia 500, walikuwa wamepungua vibaya, na nyingi kati ya spishi hizo hazikuonekana tena.

Sato naye, aliyeingizwa katika kipindi hichohicho, alishindana na jamaa yake ngege, samaki wa asili ya ziwa hilo, kwa chakula na mazalia, na pia huzaa naye machotara, yaani samaki wa damu mchanganyiko, hivyo kwamba spishi ya asili huweza kupotea hata pale ambapo maji yangali yamejaa samaki. Leo sato husafirishwa na wafugaji hadi mabonde ya mito ya Pangani na Rufiji nchini Tanzania, ambako mvua za masika zikifurisha bwawa lililochimbwa kando ya mto, vifaranga hutoroka na kukutana na jamaa zao wa asili.

Udhibiti bora una hatua tatu: tathmini ya hatari, inayochunguza iwapo mgeni atakula, atashindana au atachanganya damu na wenyeji; karantini, yaani kumtenga mahali ambapo maji hayatoki kuingia mtoni, mpaka ithibitike kwamba hana vimelea wala ugonjwa; kisha kibali na ufuatiliaji. Kwa kuwa samaki hatambui mipaka, uamuzi wa nchi moja huzifikia jirani zake zote, na ndiyo sababu Kenya, Tanzania na Uganda ziliunda mwaka 1994 Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria.

Hata hivyo, sheria haitafika kila bwawa. Kila mfugaji, kabla ya kununua vifaranga, amuulize afisa uvuvi ni spishi gani ya asili katika bonde lake, na asimwage mtoni samaki aliyemchoka.