Usomaji wa Wasifu na Kumbukumbu za Wanawake Mashuhuri: Suala la Mshika Kalamu

Utangulizi

Neno wasifu lilitufikia kutoka lugha ya Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililotupa neno sifa. Maana ya msingi ya shina hilo ni kueleza jinsi kitu kilivyo. Katika Kiswahili maana hiyo haikupotea, kwani tunazungumza juu ya sifa za kitu tukikusudia tabia zake. Lakini kando yake ilikua maana nyingine, nayo ni kutukuza. Kwa hiyo jina lenyewe la utanzu huu limebeba mvutano. Mwandishi wa wasifu anatakiwa aeleze mtu alivyokuwa, na papo hapo lugha anayoitumia inamvuta amsifu.

Mvutano huu umo katika kila wasifu, ila katika wasifu wa wanawake una uzito wa pekee. Mwanamke akishasifiwa hugeuzwa kielelezo, na kielelezo hakiulizwi maswali. Ndiyo maana mara nyingi maisha ya Siti binti Saad husomwa kama funzo la bidii, na maisha ya Sayyida Salme kama kisa cha mapenzi. Msomaji hupata funzo lake au kisa chake, lakini maandishi yenyewe huwa hayakusomwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kabla ya kuuliza mwanamke fulani alitenda nini, yatupasa tuulize ni nani aliyeshika kalamu, aliandika kwa lugha gani, na kwa ajili ya nani. Tutalijadili jambo hili kwa kutazama vitabu vitatu vinavyohusu pwani ya Afrika Mashariki: Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, kumbukumbu za Sayyida Salme, na masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel. Tutatumia neno wasifu kwa maisha yaliyoandikwa na mtu mwingine, tawasifu kwa maisha aliyoyaandika mwenyewe, na masimulizi ya maisha kwa yale yaliyosemwa kwa mdomo kisha yakaandikwa.

Kalamu ya mtu mwingine

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, mnamo mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Wazazi wake walikuwa watu wa asili ya bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi, naye aliuza vyungu kwa kutembeza. Hakupata elimu ya shule. Mwaka 1911 alihamia mjini Unguja, akajifunza kuimba na kupiga ala pamoja na wanamuziki wa huko, na hatimaye akaja kujulikana kwa jina la Siti, neno lenye maana ya bibi mheshimiwa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Alifariki mwaka 1950.

Shaaban Robert alikutana naye muda mfupi kabla ya kufa kwake, akayapokea maelezo ya maisha yake kutoka kinywani mwake. Wasifu huo ulichapishwa mwaka 1958 katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kisha ukatolewa kama kitabu mwaka 1967. Yafaa tuzingatie tarehe hizi. Ulipopigwa chapa kwa mara ya kwanza, Siti alikuwa amekwisha kufa miaka minane. Hakupata nafasi ya kukubali wala kukanusha yale yaliyosemwa juu yake.

Tusiudharau wasifu huu kwa sababu hiyo. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya Kiswahili sanifu yaliyomchukua mwanamke asiye wa ukoo mkubwa, mtoto wa wafinyanzi, akaonekana anastahili kitabu kizima. Kwa upande huo Shaaban Robert alifanya jambo la ujasiri. Lakini alikuwa pia mwandishi wa maadili. Katika mashairi yake, katika hadithi zake na katika tawasifu yake mwenyewe, maisha ya mtu ni uwanja wa kupimia utu, subira na jitihada. Siti anaingia katika mizani hiyo hiyo. Msomaji makini ataona kwamba sauti inayosikika zaidi katika kitabu ni ya mwandishi, na kwamba Siti anazungumzwa kuliko anavyozungumza.

Bahati njema ni kwamba Siti alituachia ushahidi mwingine, nao ni nyimbo zake. Kabla yake taarabu ya kasri iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliieneza kwa Kiswahili, akaimba mambo ya mitaani na ya mahakamani. Wimbo wake mashuhuri wa Kijiti unahusu kuuawa kwa mwanamke na jinsi sheria ilivyoshindwa kumpata mwuaji. Hapa Siti hasifiwi na mtu. Yeye mwenyewe anashtaki. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2001, mwanahistoria Laura Fair alizichunguza nyimbo hizo pamoja na kumbukumbu za wazee wa Unguja. Siti anayetokea humo ni msemaji wa watu wa Ng'ambo, yaani sehemu ya mji walikokaa wengi waliokuwa watumwa na vizazi vyao. Atakayefundisha wasifu bila nyimbo atakuwa amefundisha nusu ya Siti.

Kalamu ya mwenyewe

Hali ya Sayyida Salme ni kinyume kabisa. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, binti wa Sayyid Said bin Sultan, na mama yake alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Anaeleza kwamba wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika, naye alijifunza kwa siri, akinakili aya juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo haukukaa bure. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, Salme, aliyekuwa bado msichana, ndiye aliyeandika barua za wapinzani. Katika tawasifu hii, basi, kalamu ni chombo cha kusimulia na vile vile ni sehemu ya kisa kinachosimuliwa.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa mwaka 1867 na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akaitwa Emily Ruete. Mumewe alikufa mwaka 1870, akamwacha Ujerumani na watoto watatu. Kitabu chake, Memoiren einer arabischen Prinzessin, kilitoka Berlin mwaka 1886.

Mtu anaweza kudhani kwamba mwanamke akishashika kalamu mwenyewe, ukweli wote huwa wazi. Kitabu hiki kinatukanya tusifikiri hivyo. Katika dibaji yake anasema kwamba alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, nao walikuwa wamezaliwa na kulelewa Ujerumani. Baadaye wasomaji wakawa umma wa Wajerumani, wakati ule ule serikali yao ilipokuwa ikinyoosha mkono kuelekea pwani yetu. Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani kudai urithi wake, wala hakufanikiwa. Msomaji hawezi kukitenga kitabu cha mwaka 1886 na safari hiyo. Hata anwani inasema mengi: inamwita binti mfalme wa Kiarabu, ingawa mama yake hakuwa Mwarabu na mahali alipozaliwa na kukulia ni Unguja. Hilo ndilo jina ambalo msomaji wa Berlin angelielewa.

Halafu kuna ukimya. Uhusiano wake na Ruete kabla ya ndoa unasimuliwa kwa maneno machache, na mimba iliyomlazimu kukimbia haitajwi. Hatuna haki ya kumlaumu. Mwanamke aliyekuwa akiandikia watoto wake, na ambaye bado alitumaini kupatana na ndugu zake, alikuwa na sababu za kutosha za kunyamaza. Lakini kazi ya msomaji ni kuuona ukimya huo na kuusoma kama sehemu ya maandishi. Barua alizoziandika juu ya maisha yake ya Ujerumani, ambazo hazikuchapishwa hadi alipofariki mwaka 1924, zilitolewa kwa Kiingereza na E. van Donzel mwaka 1993. Humo upweke na dhiki vimeelezwa kwa uwazi ambao kitabu cha kwanza hakikuuruhusu. Mwandishi ni mmoja. Msomaji aliyemwandikia ndiye aliyebadilika.

Sauti iliyogeuzwa maandishi

Namna ya tatu ni ile ya mwanamke kusimulia na mtaalamu kuandika. Katika miaka ya 1970 Sarah Mirza na Margaret Strobel walizungumza kwa Kiswahili na wanawake watatu wa Mombasa: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa malkia wala mwimbaji wa kusifika ng'ambo ya bahari. Walisimulia ndoa, malezi, ngoma, unyago, na mivutano ya kijamii ya mji wao. Kwa maoni yetu, umashuhuri wao umo katika kuyahifadhi yale ambayo nyaraka za serikali hazikuyaandika.

Kwa mwanaisimu, historia ya uchapishaji wa kitabu hiki ina jambo la kutafakari. Masimulizi yalitolewa kwa Kiswahili, lakini yalichapishwa kwanza kwa Kiingereza, mwaka 1989. Toleo la Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili, lilifuata mwaka 1991. Yaani maneno yaliyotoka vinywani mwa wazee hawa yaliwafikia wasomaji baada ya tafsiri yake.

Si jambo dogo. Chukua maneno kama somo, kungwi, muungwana na mzalia. Somo ni mtu mliyeitwa jina moja, na pia ni mwanamke anayemfunda msichana na kumwongoza hadi ndoa na baada yake. Mzalia ni mtu wa asili ya utumwa aliyezaliwa papa hapa pwani, na msemaji wa zamani alipolitumia neno hilo alikuwa akimpangia mtu daraja bila kuongeza kielezi chochote. Mfasiri hulazimika ama kueleza kwa sentensi nzima, ama kuchagua upande mmoja wa maana na kuuacha mwingine. Kwa sababu hiyo, atakayetaka kuchunguza jinsi wanawake hawa walivyouona ulimwengu wao hana budi kushika toleo la Kiswahili, na tafsiri aitumie kama msaada.

Hata hivyo tusisahau kwamba nyuma ya sauti hizi yupo aliyeuliza maswali, akapanga majibu, akaamua sura ianzie wapi na iishie wapi. Mkono wa mtaalamu haupigi makelele kama ule wa Shaaban Robert, lakini upo.

Maandishi yakikutanishwa

Faida ya kusoma vitabu hivi kwa pamoja huonekana zaidi katika suala la utumwa. Salme anautetea. Anawaambia Wazungu kwamba hawaielewi hali ya watumwa wa nchi za mashariki, na kwamba kuuondoa utumwa ghafula kutaleta madhara. Ni maneno ya mtu aliyekua akihudumiwa. Msomaji akikomea hapo anaweza ama kuyaamini, ama kukitupa kitabu kwa hasira.

Lakini akiyaweka karibu na masimulizi ya Mombasa, ambako utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, atamkuta Bi Kaje akisema kutoka upande wa waungwana, na Bi Mishi akisema kutoka upande wa ukoo uliotoka utumwani. Wote ni wanawake, wote ni Waislamu wa pwani, na wote wanasema Kiswahili. Hata hivyo jambo moja halina sura moja kwao. Kisha amkumbuke Siti, ambaye jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Hapo ndipo tunapotambua kwamba neno mwanamke, likitumiwa peke yake, halitoshi kueleza msimulizi anasimama wapi. Cheo, ukoo na rangi vinasimama pamoja naye, na kila kimoja kinaamua anachokiona na asichokiona.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba wasifu, tawasifu na masimulizi ya maisha ni njia tatu zenye masharti tofauti, na kwamba hakuna hata moja inayotupa mwanamke mzima. Mwalimu anayevifundisha vitabu hivi angewazoeza wanafunzi wake kuuliza maswali machache kila mara: nani ameandika, kwa lugha ipi, kwa msomaji yupi, nini kimeachwa, na ni ushahidi gani mwingine unaoweza kuwekwa kando ya kitabu.

Liko pia jukumu linalotuhusu sisi wa idara za lugha. Hata katika wakati wetu mwanamke wa Kenya anayeandika maisha yake mara nyingi huyaandika kwa Kiingereza, kama alivyofanya Wangari Maathai katika Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, miaka miwili baada ya kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Hakuna ubaya kutumia lugha inayosomwa mbali. Lakini wako wanawake wengi ambao maisha yao yamo katika Kimvita, Kiamu, Kipemba na lahaja nyinginezo, nao hawataandika kitabu. Wanafunzi wetu wanaweza kwenda kuwasikiliza. Wakienda, wahifadhi sauti, wayaandike maneno kwa lahaja yake bila kuyasanifisha, wataje maswali waliyoyauliza, na wampelekee msimulizi maandishi asomewe kabla hayajapigwa chapa, ili apate kukubali au kukanusha. Siti binti Saad hakuipata nafasi hiyo. Hatuna udhuru wa kuwanyima walio hai.