Wageni wa Krismasi na Malaria

Desemba ikifika mabasi ya Nairobi yanajaa, na huku Rongo, Mbita na Karungu tunachinja kuku. Ni vizuri. Lakini mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga ya malaria kama huyu wetu anayeumwa na mbu mwaka mzima. Hata baba yake, akikaa mjini miaka mingi, kinga yake hupungua. Basi wakiugua, wao huzidiwa haraka.

Na mara nyingi ni mgeni huyo huyo tunayemlaza sebuleni bila neti! Apewe neti, hasa watoto na mama mja mzito. Mwili ukichemka, apimwe siku hiyo hiyo. Panadol hushusha joto tu, haiui vijidudu.

Maji ya ziwa yachemshwe. Kipindupindu cha 2015 kilitufikia Migori na Homa Bay.

Sasa, wakisharudi Nairobi je? Vijidudu vya malaria hukaa mwilini siku saba au zaidi kabla ya homa kuanza, kwa hiyo mtoto anaweza kuugua Januari, shule zikifunguliwa. Daktari wa huko atadhani ni mafua, mpaka aambiwe mtoto alikuwa Homa Bay.